Zamu ya Jikoni

Jumapili, Machi 17

Leo ni siku ya tano tangu mume wangu afariki, na ni mara ya kwanza maishani mwangu kuandika maneno ambayo hayakutamkwa kwanza na mtu mwingine. Miaka thelathini nilikuwa mpiga chapa wa mahakama. Shahidi akisema, naandika. Wakili akibwata, naandika. Hakimu akikohoa, siandiki. Huu ni mwaka wa nne tangu nistaafu. Daftari hili nimelifungua kwa sababu yaliyotokea leo nisipoyaandika nitadhani niliyaota.

Alifariki Jumanne saa moja asubuhi, mlangoni, akiongea na muuza maziwa. Hata kufa alikufa katikati ya mazungumzo. Muuza maziwa anasema alikuwa akimsimulia kichekesho, akashika kifua, akasema, "Ngoja kidogo," akakaa chini. Hatukuujua mwisho wa hicho kichekesho.

Tulimzika Alhamisi. Watu walijaa pomoni, nusu yao siwajui. Dereva wa teksi, mpiga picha, msoma mita za maji, kila mmoja akinishika mkono na kuniambia kwamba alikuwa rafiki yake mkubwa. Mvua ya kwanza ya msimu ilitukuta makaburini na hakuna aliyeondoka. Mimi nilikuwa nikisubiri waondoke. Naandika ukweli, hakuna wa kunisoma.

Leo saa mbili asubuhi wakaja wawili wa ofisini, wamelowa chapachapa. Mmoja ni yule binti anayeandika programu, ambaye mume wangu alimwita Mhandisi. Mwingine ni Serahangi, mwenzake wa melini, ambaye siku hizi hutunza vifaa vya ofisi. Mume wangu alitumikia jeshi la wanamaji miaka ishirini na miwili, kwenye chumba cha redio cha meli ya doria. Watu walimwita Kapteni ingawa hakupata kuwa kapteni wa kitu chochote. Alipostaafu alikwenda zahanati kutibiwa sikio, akakaa foleni saa tatu wakati muuguzi akitafuta kadi yake kwenye rundo la mafaili. Akarudi nyumbani sikio halijatibiwa, lakini ana marafiki wapya kumi na wazo la programu ya kutunza kadi za wagonjwa na foleni zao. Aliiita Zamu. Sasa zinaitumia zahanati arobaini.

"Mama," Mhandisi akasema, hata salamu hakunipa, "zahanati zote zimefunga tangu jana."

"Zimefunga nini?"

"Programu imejifunga. Kadi za wagonjwa hazifunguki. Skrini zote arobaini zimeandika kitu kimoja tu: Zamu haijapokewa."

Serahangi alikaa kwenye kiti cha jikoni, akavua kofia. "Shemeji," akasema, "melini mtu haachi zamu mpaka mwenzake aseme nimepokea. Hata kama amechoka, hata kama anaumwa. Jamaa yetu ameiweka sheria hiyo ndani ya programu, na hakumwambia mtu."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila alfajiri, kati ya saa kumi na moja na nusu na saa kumi na mbili, mtu alitakiwa kuandika kwamba ameipokea zamu ya siku hiyo. Asipoandika siku tatu mfululizo, ya nne programu inajifunga, maana siku tatu ndiyo homa ndefu kuliko zote aliyowahi kuugua. Kosa hilo asingelifanya mtu yeyote isipokuwa mwanamaji: kuzifunga zahanati arobaini kwenye kiamshakinywa cha mtu mmoja.

"Alikuwa anaandikia wapi?" Mhandisi akauliza. "Ofisini nimetafuta kila mashine."

Nikamwonyesha mezani, pale Serahangi alipoegemeza kiwiko. Kompyuta ndogo ya zamani, betri imekufa, ya kuchomeka ukutani muda wote. Kila alfajiri alikaa hapo na chai yake. Nilidhani anapiga soga na marafiki.

Mhandisi aliifungua akashika kichwa. Programu zote zinaitambua mashine hiyo tu. Kuitoa sheria hiyo inabidi azifikie zahanati moja moja, kwa mguu na gari, na mvua ndiyo kwanza imeanza.

"Mpaka mwisho wa masika," akasema. "Mpaka hapo inabidi mtu aandike hapa kila alfajiri."

Wote wawili wakanitazama mimi.

Jumatatu, Machi 18

Saa kumi na moja na dakika arobaini nilikuwa jikoni. Bado nilikuwa nusu usingizini, na nilipovuta kiti niliona aibu, kana kwamba nimekalia kiti cha mgeni.

Nikaandika: Nimepokea zamu. Mashine ikajibu: "Maneno hayatoshi. Zamu haipokewi kwa kukohoa."

Nikaongeza kwamba mvua inanyesha. Ikajibu vilevile.

Kumbe mzee aliweka yasipungue maneno ishirini. Nilitukana kidogo, kisha nikaandika: "Nimepokea zamu. Mvua inanyesha tangu jana, jiko lina baridi, chai sijachemsha, na mimi si mzungumzaji, kwa hiyo nisamehe, hayo ndiyo yote."

Ikakubali. Mhandisi alinipigia saa tatu akipiga vigelegele, zahanati zote zimefunguka.

Jumanne, Machi 19

Mvua. Nimepokea. Maneno ishirini na mawili.

Alhamisi, Machi 21

Zahanati hujibu. Sikujua. Unapoandika, maneno yako hutokea juu ya kila skrini, na wauguzi huandika chini yake wakati wakingoja wagonjwa wa kwanza. Leo wa zahanati ya mlimani ameandika: "Kumbe umeamka!" Wa pili akaandika, "Bado tunanong'ona au tuseme kwa sauti?" Wa tatu akacheka.

Sikuelewa kinachowachekesha. Sikupenda pia.

Jumapili, Machi 24

Mvua imenifungia ndani kutwa, nikaanza kusoma aliyoyaandika. Miaka kumi na saba, kila siku, yote yamo. Nilianza mwaka wa kwanza kwa mpangilio kama ninavyosoma jalada la kesi.

Nilipokuwa nikisoma nilimsikia. Nilisikia kijiko kikigonga glasi, kiti kikilia, na lile guno lake la kuvaa miwani. Nilifumba macho nikamwacha aendelee. Sijui ilikuwa muda gani. Nilipofumbua, mvua ilikuwa imebadilika ikawa manyunyu na chai yangu ilikuwa na utando.

Aliwaandikia kila kitu. Nani kajifungua, timu gani imefungwa, paka wa jirani kaingia kwenye injini ya gari. Alimpongeza mfagiaji wa zahanati ya bandarini kwa meno mapya. Alijua mtoto wa muuguzi gani ana mtihani. Nami nilikuwa nikijitafuta, sifichi. Nilitaka kujua mtu huyu aliyekuwa wa kila mtu aliniandika nini mimi.

Nimejikuta. Tarehe nne ya mwezi wa pili: "Mama wa nyumba amelala." Tarehe tano: "Mama wa nyumba amelala." Tarehe saba, kumi, kumi na moja. Mara mia na kitu kwa mwaka wa kwanza peke yake. Chini yake wauguzi wanaandika, "Tunanong'ona, Kapteni."

Nilifunga mashine kwa nguvu. Miaka kumi na saba zahanati arobaini zinanijua kama mwanamke anayelala! Mimi niliyekuwa kazini saa mbili kamili kila siku ya Mungu!

Halafu hasira ikaniishia, maana najua kitu ambacho yeye hakukijua. Sikuwa nimelala. Hata siku moja. Alipoinuka kitandani nilikuwa macho, nimeupa ukuta uso, napumua taratibu kama wanavyopumua waliolala. Nilimsikia akitafuta kandambili kwa miguu gizani, akiufunga mlango polepole. Kisha nikafumbua macho nikakaa na ule ukimya. Kutwa nzima nilikuwa naenda kuandika maneno ya watu, na jioni nyumba ingejaa wageni wake. Mtu huyo alikuwa akitumwa mkate anarudi baada ya saa mbili bila mkate, na mgeni. Ile nusu saa ndiyo ilikuwa yangu. Niliiiba kwake, kila siku, miaka kumi na saba, na yeye akanywa chai peke yake akiniombea usingizi mwema mbele za watu.

Hilo sijamwambia mtu yeyote.

Alhamisi, Machi 28

Serahangi kaja na ombi. Wanataka kufanya kikao cha kumkumbuka mwishoni mwa masika, Mhandisi akishamaliza zahanati zote. Wauguzi watakuja. Nami nizungumze.

"Mimi?" nikamwambia. "Shemeji, nimeandika maneno ya watu miaka thelathini kwa sababu sina yangu."

"Sema machache tu. Jinsi mlivyoishi."

"Wamwulize muuza maziwa."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanisimulia jinsi melini mume wangu alivyokuwa akihama kitanda kila juma ili alale karibu na mtu mpya. Mwisho wa safari kamanda alimwita kumwuliza kama anatafuta jasusi. Nimewahi kuisikia hadithi hiyo mara hamsini na sikuwahi kuisikiliza.

Nimekataa kuzungumza. Ningesimama pale niseme nini? Kwamba nilimwacha peke yake makusudi?

Jumanne, Aprili 2

Mvua. Zahanati saba zimeshabadilishwa. Nimepokea.

Jumamosi, Aprili 6

Mhandisi kapita akielekea bondeni, buti zake zote tope. Huyu binti nilikuwa simpendi, ukweli usemwe. Anaongea bila nukta. Nilimwona kama mume wangu mwingine, mwenye nywele.

Leo alikuwa kimya. Alikunywa chai akiitazama ile mashine, kisha akaniambia kwamba kila jioni ofisini ilikuwa lazima wakabidhiane kazi kwa mdomo, macho kwa macho. Hata kama umekosana na mwenzako, unasimama mbele yake unasema, "Nakukabidhi," naye anasema, "Nimepokea," na hapo hamwezi kuondoka mkiwa mmenuna.

"Jumatatu ile jioni nilikuwa na haraka," akasema. "Nikamwambia nakukabidhi nikiwa ngazini nashuka. Sikungoja anijibu."

Machozi yakamtoka mara moja. Sikujua nifanye nini, nikamjazia chai. Kisha nikasema, sijui yalitoka wapi, "Alikujibu. Huyo mtu hajawahi kukosa kumjibu mtu." Akacheka huku akilia, akaenda zake na tope lake.

Jumatano, Aprili 10

Mvua kubwa. Mto umepanda. Mwanangu kapiga simu kutoka huko aliko, anataka niuze nyumba nihamie kwake. Nikamwambia niko zamu.

Jumapili, Aprili 14

Naandika nikiwa nimevaa nguo za mke wa mwoka mikate.

Alhamisi umeme ulikatika kabla sijaamka. Nilikaa mbele ya mashine nyeusi mpaka kukapambazuka. Nikajiambia utarudi. Ijumaa haukurudi. Maji yalikuwa yameshaifunika barabara ya kwenda mjini, mtaa mzima giza, simu ya Mhandisi haipatikani kwa sababu amekwama bondeni. Jana muuguzi wa mlimani akanipigia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikia sauti yake, nzito, ya mtu aliyezoea kuamrisha.

"Dada," akasema, "siku ya tatu hii. Sisi huku bado hatujabadilishiwa. Nina watu ishirini wa kifua kikuu wanaokuja kesho kwa dozi na kadi zao zote zimo humo. Ikijifunga, nitampa mtu dozi ya mwenzake."

"Sina umeme, dada yangu."

"Najua. Nakuambia tu."

Serahangi alifika magharibi akiwa na maji kiunoni. Akasema kuna mwoka mikate mtaa wa pili, ana jenereta, huwasha tanuri saa kumi alfajiri hata dunia ikizama. Alilala sebuleni, na leo saa kumi na moja kasoro tukatoka. Mashine tuliifunga kwenye nailoni tatu, tukaiweka ndani ya beseni la kufulia, yeye akalisukuma beseni likielea mbele yake, mimi nimelishika ukingo. Maji yalinifika mapajani. Mvua ilikuwa ya rasharasha, hakuna taa popote, na njia yote Serahangi alikuwa akitaja kwa sauti kilichoko mbele: "Mfereji kushoto. Gari kulia. Hatua moja chini, shemeji." Nilitembea kama ninaota. Sikuwa na hofu. Ninalolikumbuka zaidi ni harufu ya mkate iliyotufikia kabla ya kuliona duka.

Ndani kulikuwa na joto, mwanga, na watu kumi na wawili. Wote walikimbilia huko kukausha nguo. Nilipomwambia mwoka mikate mimi ni nani, alipiga kofi. "Mke wa Kapteni! Anayelala!" Mama mmoja akaniondolea kitenge kilicholowa, mwingine akanipa kiti, kila mtu anaongea, na saa ukutani inasema zimebaki dakika kumi na moja.

Mashine ikawaka. Kisanduku kikatokea. Na mimi sikuwa na neno hata moja.

"Ana nini?" wakaulizana.

"Hajui aandike nini," Serahangi akasema.

"Mwambie aandike mkate umeiva," mmoja akasema. "Waambie tuko kumi na wawili na kuku mmoja," mwingine akasema, maana kweli kulikuwa na kuku wa mtu. "Waambie mwenye kuku hajui kuogelea lakini kuku anajua." Wakaanza kubishana kuhusu kuku. Basi nikafanya nilichokijua. Vidole vyangu vikaandika walivyokuwa wakisema, kila mmoja kwa zamu yake, mzaha kwa mzaha, kwa kasi ile ile ya mahakamani. Maneno mia na zaidi. Nilipobonyeza, mashine ikakubali, dakika tatu kabla ya saa kumi na mbili, na duka zima likashangilia.

Nilikaa pale mpaka mchana. Nikala mkate wa moto. Kila mmoja alinisimulia Kapteni wake, na Kapteni wa mmoja hakufanana na wa mwenzake, na mara hii sikungoja waondoke. Nilijua kwa mara ya kwanza kwa nini mtu anaweza kutumwa mkate akarudi baada ya saa mbili.

Muuguzi wa mlimani aliandika neno moja: "Inafunguka."

Ijumaa, Aprili 19

Umeme umerudi. Maji yanashuka. Nimepokea.

Jumanne, Aprili 30

Mhandisi amefikisha zahanati ishirini na sita. Mimi katika kusoma aliyoyaandika nimefikia mwaka wake wa tisa.

Naona sasa anavyobadilika kadiri miaka inavyokwenda. Mizaha inapungua kidogo, hali ya hewa inaongezeka. Leo nimekuta hii, ya siku ambayo hata siikumbuki: "Nimepokea zamu. Jiko lina baridi leo, chai nainywa peke yangu, na ningependa mtu wa kuongea naye, lakini mama wa nyumba amelala, basi niambieni ninyi mmeamkaje."

Nimeisoma mara nyingi. Alitaka mtu wa kuongea naye. Mlango mmoja tu kati yetu, na mimi macho yangu yako wazi upande wa pili.

Sikula leo. Naumwa mahali ambapo siwezi kumwonyesha daktari.

Alhamisi, Mei 9

Nimempigia Serahangi. Nimemwambia nitazungumza.

"Alhamdulillahi," akasema. "Utasema nini?"

"Utasikia na wenzako."

Nitawaambia ukweli. Watu hawa walimpenda, na kwa miaka kumi na saba waliambiwa uongo kuhusu mimi. Wakinichukia, sawa. Afadhali mtu achukiwe kwa alichokifanya.

Jumatano, Mei 15

Mawingu bila mvua. Zahanati thelathini na tatu.

Alhamisi, Mei 23

Imebaki ya mlimani tu. Barabara imekauka, Mhandisi anakwenda kesho. Nilimwuliza itakuwaje akishamaliza. Akasema programu haitajifunga tena kamwe, hata asipoandika mtu mwaka mzima. Sehemu ya salamu ataiacha. Atakayetaka kuandika ataandika, kutoka popote.

"Utapumzika sasa, mama," akasema. Nilimshukuru, na sikujua kama nimefurahi.

Jumapili, Mei 26

Kikao kilikuwa jana, ofisini kwao, vyumba vitatu juu ya duka la rangi. Walisogeza meza ukutani na bado watu walikaa mpaka ngazini. Wauguzi wamekuja na sare zao. Muuguzi wa mlimani ni mwanamke mfupi, mwembamba, wala hafanani na ile sauti yake.

Waliongea wengi. Serahangi kaeleza kisa cha kamanda na vitanda. Mhandisi alisimama, akatazama ngazi, akasema, "Nakukabidhi," kisha akakaa. Mwoka mikate alimtaja kuku.

Ikafika zamu yangu. Nilikuwa nimeandika karatasi, lakini niliikunja. Nikasema hivi, nayaandika kama yalivyotoka:

"Aliwaambia kila asubuhi kwamba nimelala. Si kweli. Nilikuwa macho. Kila siku nilikuwa macho, najifanya. Nilitaka kukaa kimya, na yeye alitaka mtu wa kuongea naye, nami nilimsikia akivaa kandambili nikanyamaza. Miaka kumi na saba. Alikufa akidhani mkewe ni mzito wa usingizi. Mnaniona mjane wa mtu mliyempenda, na mimi nilimwacha anywe chai peke yake. Ndiyo niliyotaka kusema."

Nilisikia magari chini barabarani. Kisha muuguzi wa mlimani akainuka na mkoba wake.

"Dada," akasema, "sisi sote tulijua."

Akatoa karatasi ngumu, imekunjamana, kona zina matundu ya misumari. Akasema mume wangu mwenyewe aliigongomea ukutani siku alipokuja kuwawekea programu, na kila zahanati inayo yake. Ni maelekezo: jinsi ya kuwasha, jinsi ya kuzima, nani apigiwe simu mambo yakiharibika. Ya mwisho kabisa aliisoma kwa sauti ile ya kuamrisha, nami niliiomba karatasi baadaye, ninayo hapa:

"Nyumbani kwangu msipige simu kabla ya saa mbili, hata kama zahanati inaungua. Mke wangu hujifanya amelala. Kutwa nzima anaandika maneno ya watu, na hiyo ndiyo nusu saa peke yake asiyosemeshwa na mtu. Mimi nikiwa chumbani siwezi kunyamaza, mnanijua. Kwa hiyo nimehamia jikoni. Anayetaka kuongea asubuhi aongee nami, na kwa sauti ya chini."

"Ndiyo maana tulikuwa tunanong'ona," muuguzi akasema.

Mtu mmoja akacheka, kisha wote, kisha mimi. Nilicheka mpaka nikahitaji kiti. Miaka kumi na saba simu ya nyumbani haikulia asubuhi hata mara moja, nami sikujiuliza kwa nini. Nilidhani ninaiiba ile nusu saa. Kumbe kulikuwa na mtu ameketi jikoni anailinda, mtu aliyeogopa ukimya kuliko kitu chochote duniani, na watu wa zahanati arobaini amewaweka mlangoni wamsaidie. Angeniambia! Lakini angeniambia, isingekuwa tena yangu. Alilijua hilo pia.

Baridi yake ya jikoni ilikuwa ya kweli. Karatasi hiyo haijanisahaulisha hilo. Alikuwa mpweke na bado alinipa, na ningetoa chochote nilicho nacho kumshukuru uso kwa uso.

Jumatatu, Mei 27

Mvua imekwisha. Zahanati zote zimeshabadilishwa, hakuna tena anayelazimika kuamka. Mhandisi amesema ataandika yeye, kutoka kwake.

Saa kumi na mbili kasoro robo macho yalifumbuka yenyewe. Nililala nimeupa ukuta uso. Nyumba ilikuwa kimya, ukimya mwingi kuliko nilivyowahi kuutaka, na upande wa pili wa mlango hakukuwa na kijiko, hakukuwa na kiti. Nilingoja kidogo, kwa mazoea.

Kisha nikageuka nikautazama mlango, nikasema kwa sauti, "Mume wangu, niko macho."

Nikaenda kuchemsha chai.